Majira Jongoo wa Ramnberg Alipotembea Tena

Jumanne, 17 Aprili 1979

Theluji imeanza kuachia. Leo nimepeleka barua mtaa wa juu kwa baiskeli bila kuteleza hata mara moja, jambo ambalo sijalifanya tangu Novemba. Maji yanashuka kila mahali: kwenye mapaa, kwenye mitaro, na ndani ya kiatu changu cha kushoto.

Siv Malmros alinidaka mbele ya duka. Siv anafundisha fizikia na ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kuuhifadhi mgodi wa zamani wa chuma. Hajui kusema kwa sauti ya chini.

"Ragnvi! Wamejibu! Anakuja tarehe tisa Juni!"

"Nani?"

"Bi Ekelund wa idara ya mambo ya kale! Ungedhani nani, mfalme?"

Nikaacha baiskeli ianguke na barua zake. Tukakumbatiana pale njiani kama wasichana, na mimi nina miaka hamsini na saba.

Miaka minne tumekuwa tukimfufua Jongoo. Ndivyo tunavyomwita. Chini mtoni kuna gurudumu la maji lenye kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Juu kilimani kuna shimo la mgodi na pampu yake. Kati yao, mwendo wa mita elfu moja na mia moja, zinapanda boriti zilizoungwa ncha kwa ncha, mistari miwili sambamba, zikining'inia kwenye miguu inayobembea. Gurudumu likizunguka, boriti zinakwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, na nguvu ya mto inapanda kilima mpaka inayavuta maji kutoka shimoni. Tangu mwaka 1931 hajasogea hata unyayo.

Tumebakiza mita tisini, pale kinamasini. Na ni pale pale ambapo kampuni ya magogo inataka kupitisha barabara yake. Siv amelieleza vizuri: Jongoo akitembea mzima mbele ya Bi Ekelund, na maji yakatoka juu, atalindwa mzima. Asipotembea, ni rundo la mbao, na watamkata kiuno.

Ijumaa, 20 Aprili

Mvua. Barua zote zimelowa. Hakuna aliyelalamika ila mchungaji.

Jumapili, 22 Aprili

Leo kwenye mkutano Siv alisema tunamhitaji Valfrid Ström. Nikaweka kikombe mezani.

"Yule hapana," nikasema.

"Ragnvi, ndiye pekee aliye hai aliyewahi kumwendesha Jongoo. Sisi tunajua kumjenga. Hatujui kumtembeza."

Kila mtu mezani alijua kwa nini nimekataa, kwa hiyo wakaanza kukoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. Niandike hapa mara moja. Februari 1931 Valfrid alikuwa mlinzi wa boriti. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mstari, kupaka mafuta kwenye viungo na kusikiliza. Siku moja ya baridi kali hakuwepo zamuni. Boriti ikavunjika kinamasini, pampu ikasimama, na alipokuja kupatikana mtu wa kulifunga lango la maji, kila kitu kilikuwa kimejipinda. Mgodi ukajaa maji katika muda wa siku nne. Wanaume sitini wakakosa kazi. Baba yangu, Konrad Hedlöf, alikuwa seremala wa mgodi. Baada ya hapo hakushika kazi ya maana tena. Alikaa jikoni na kumlaani Valfrid mpaka alipokufa. Sisi watoto wanne, mimi na dada yangu Märta tukiwemo, tumekua tukila viazi na laana hiyo.

"Wewe ndiye unayepita kwake kila siku," akasema Evert, fundi wetu wa kuchomelea. "Baba yangu naye alikuwa mmoja wa wale sitini. Lakini mimi nataka kuliona lile gurudumu likizunguka kabla sijazeeka. Kamwite tu."

Jumatatu, 23 Aprili

Nimemwita. Alikuwa anapasua kuni, miaka sabini na mitano, kofia imerudi kisogoni.

"Chama kinakuomba uje," nikasema.

Akaliacha shoka ndani ya gogo. "Miaka ishirini na mmoja unaniletea barua, binti seremala. Hujawahi kunipa neno zaidi ya 'shika'. Leo maneno matatu mazima. Nikae chini?"

"Unakuja au huji?"

"Nimekuwa nikingoja kuitwa tangu mlipopigilia msumari wa kwanza. Mmezikaza bolti mno. Nilikuwa naziona kutoka barabarani, usingizi haunipati."

Alhamisi, 26 Aprili

Mwanamume huyu hachoki! Amepita mstari mzima akigonga kila kiungo kwa nyundo ndogo, sikio limeegemezwa kwenye mbao. Bolti za Evert amezitukana moja moja.

"Hii umeikaza kama mdomo wa bahili. Kiungo kinataka kupumua."

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu kimewahi kupaka mafuta hapa Januari?"

Evert akalegeza bolti mia moja na kumi na mbili. Nilitaka kukasirika kwa niaba yake, lakini boriti ya kwanza iliposukumwa kwa mkono ikabembea kama mlango uliotiwa mafuta, nikajikuta nacheka. Kisha nikakumbuka aliyetufundisha ni nani, nikaacha.

Jumatatu, 30 Aprili

Tumewasha moto wa kulikaribisha joto, kijiji kizima. Wakati wengine wanaimba, sisi tulikuwa kwenye nyumba ya gurudumu tukitazama linavyovuja. Tulilimwagia maji ili mbao zivimbe na kuziba. Yanaingia juu, yanatoka kila upande.

"Tumejenga chujio," akasema Siv.

"Mpe wiki," akasema Valfrid. "Hata wewe ungekaa kavu miaka arobaini na minane ungevuja."

Jumamosi, 5 Mei

Limezunguka! Limezunguka! Sijui nitaandikaje.

Saa tano asubuhi Valfrid alisema ndoo za gurudumu zimeshavimba vya kutosha. Tulilitenga gurudumu na boriti, maana leo lilijaribiwa peke yake. Siv akaenda juu kwenye mfereji akalifungua lango la maji kiganja kimoja tu. Tukasikia maji yanakuja ndani ya mfereji wa mbao kabla ya kuyaona. Ndoo ya kwanza ikajaa. Ya pili. Ya tatu. Hakuna kitu. Evert akashusha pumzi, akafungua mdomo kusema jambo, na Valfrid akamziba kwa kiganja.

"Nyamaza. Anafikiri."

Ndoo ya nne. Ya tano. Ndipo ukatoka mlio kutoka katikati ya ekseli, mlio wa ng'ombe anayeamka, na ule ukuta mzima wa mbao mbele yangu ukaanza kushuka. Polepole, jamani! Polepole kiasi kwamba kwanza nilidhani ni mimi ninayepanda. Robo mzunguko, nusu, maji yakamwagika chini, gurudumu likajirudisha kidogo, likasita, likaendelea. Mzunguko mzima! Siv alikuwa anapiga kelele huko juu, "Vipi? Vipi?" kwa kuwa haoni, na hakuna aliyeweza kumjibu. Evert alikuwa analia. Mimi nilimshika mkono mtu aliyekuwa kando yangu, nikaukamua kwa nguvu zangu zote, na nilipogeuka nikakuta ni mkono wa Valfrid Ström.

Sikuuachia mara moja. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 8 Mei

Mtaa mzima unauliza habari za gurudumu. Nimemaliza kugawa barua saa tisa badala ya saa sita.

Jumamosi, 12 Mei

Tulikuwa kinamasini tunachimba mashimo ya nguzo mpya. Jembe la Evert likagonga mbao. Tukavuta, na kutoka kwenye tope jeusi ikatoka boriti ya zamani, nyeusi, nzima kama imelazwa jana; tope la kinamasi halina hewa, haliozeshi. Upande mmoja umekatwa sawa. Upande wa pili umevunjika.

"Ni hii!" akapiga kelele Siv. "Ni yenyewe ya 1931!"

Valfrid alikuwa anakuja kutoka kwenye kiungo cha juu. Alipoona tulichokishika akaanza kukimbia, na sijawahi kumwona akikimbia.

"Irudisheni. Ni mbao mbovu tu. Irudisheni shimoni."

Lakini nilikuwa nimeshapiga magoti naifuta kwa kiganja. Pale ilipovunjika kulikuwa na kifundo kilichooza, kikubwa kama ngumi yangu. Kilikuwa kimechimbwa, kikazibwa kwa kizibo cha mbao kilichochongwa vizuri sana, kikapakwa lami juu ili kisionekane. Boriti ilivunjikia hapo hapo, katikati ya kizibo. Na kiganja kimoja kutoka hapo, alama ya fundi: samaki mdogo mwenye mikato miwili mkiani.

Alama ile iko kwenye kiti ninachokalia sasa hivi ninapoandika. Ni alama ya baba.

Siv na Evert hawaijui. Waliona alama tu. Valfrid alinitazama, nami nikamtazama, nikachukua baiskeli yangu nikaondoka.

Jumapili, 13 Mei

Sikwenda.

Jumatatu, 14 Mei

Nimepeleka barua. Kwa Valfrid nimezitia kwenye sanduku la mbele bila kuinua macho.

Jumamosi, 19 Mei

Leo asubuhi nilikwenda kwake bila mfuko wa barua. Akafungua kabla sijabisha.

"Ulijua," nikasema.

"Ingia, utapigwa na baridi."

"Ulijua miaka yote?"

Akanivutia kiti. "Nilifika pale siku ile ile, binti yangu. Nikakiona kizibo. Baba yako akafika nyuma yangu, akaona kwamba nimekiona. Tukasimama hivyo. Kisha akaniambia, 'Valfrid, mgodi ulinitaka boriti kumi na mbili kwa wiki moja, na magogo mazuri yalikuwa yamekwisha.' Akaniambia ana watoto wanne na nyumba ni ya mgodi. Mimi sikuwa na mke wala paka."

"Ukaamua uchafuke wewe."

"Usinivike taji, halinikai." Alikuwa ameanza kukasirika. "Sikuwepo zamuni, hilo ni kweli tupu. Nilikuwa jikoni kwa Hilma wa duka, miguu nimeielekeza kwenye jiko. Ningekuwepo ningeusikia ule mti unalia mapema, lango lingefungwa, tungebadilisha boriti na Jumatatu watu wangeshuka kazini. Baba yako alichonga mbao mbovu, mimi sikusikiliza. Meneja alitaka mtu mmoja. Akampata."

"Baba alikulaani mpaka siku ya kufa."

"Nilimsikia. Dirisha lenu lilikuwa wazi wakati wa kiangazi."

Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Baba aliweza kukaa jikoni miaka kumi na mitatu akilirudia jina la mtu huyu kila jioni, na sisi watoto tukaitikia kama ibada! Na mimi nikaendelea peke yangu baada ya wote kuacha.

"Ile boriti tuichome," akasema Valfrid. "Bi Ekelund hana haja nayo. Jina la Konrad liko kwenye jiwe la mgodi pale kanisani. Liache."

"Tusiichome."

"Ragnvi."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita jina langu. Nikamwambia nitafikiri. Lakini nilishafikiri.

Alhamisi, 24 Mei

Sikukuu ya Kupaa, posta imefungwa. Kipande cha kinamasini kinataka boriti mpya na nimewaambia nitaichonga mimi. Evert aliuliza kama nimewahi kuchonga. Nikamwambia nilikaa miguuni pa seremala mpaka nilipofika miaka ishirini na mbili. Mkono unajua usichokijua.

Nilizunguka msituni na Valfrid nusu siku tukikataa misonobari. Kila mti niliousema mzuri, alikuwa na neno.

"Huu umepinda."

"Haujapinda, wewe ndiye umepinda."

"Basi sote wawili. Twende mbele."

Wa kumi na nne ulikuwa mnyoofu mpaka juu, na hakuna kifundo kikubwa kuliko kidole gumba. Tukasimama chini yake tukicheka kama walevi.

Jumapili, 27 Mei

Viganja vimetoka malengelenge. Boriti imeshapata pande tatu.

Jumatatu, 28 Mei

Msiba! Siv amekuja mbio kwenye posta: mfereji umekauka. Hakuna maji ya kutosha kulilowesha gurudumu, seuze kulizungusha. Siku kumi na mbili zimebaki!

Jumanne, 29 Mei

Tumepanda mfereji mpaka ziwani, kilomita tatu, na tukamkuta mwizi. Ni biva, yule mnyama wa majini mwenye mkia bapa na meno kama patasi. Amejenga bwawa lake kwenye mdomo wa mfereji wetu, matawi na tope, kazi safi kabisa.

Valfrid aliikagua akiwa amevua kofia. "Tungemwajiri huyu miaka minne iliyopita, leo tungekuwa tunakula keki."

Tukabomoa mchana. Asubuhi ya leo...

Hapana, naandika tarehe mbili pamoja. Jumatano, 30 Mei: asubuhi ya leo amelijenga upya. Tukabomoa tena.

Ijumaa, 1 Juni

Amejenga. Tumebomoa. Siv amemtukana kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Jumapili, 3 Juni

Evert ndiye aliyepata dawa: bomba refu limepitishwa chini ya bwawa, ncha yake ikiwa mbali ndani ya ziwa, ambako biva hasikii maji yanatiririka, basi hajui pa kuziba. Anabaki na bwawa lake, sisi tuna maji yetu. Mfereji umejaa! Na boriti yangu imepandishwa na kufungwa. Nilitia alama karibu na ncha. Siyo samaki. Nimechonga bahasha.

Jumatano, 6 Juni

Silali vizuri, sili vizuri, nimempa mchungaji barua za mganga na mganga za mchungaji.

Jumamosi, 9 Juni

Nianze mwanzo, maana nikianza pale moyo unapotaka nitaruka yote.

Jua kali, bendera, watu mia mbili au zaidi. Bi Ekelund alikuja na viatu vyeupe na daftari. Ni mwanamke mwembamba, hacheki, anauliza maswali mafupi. Alipofika kwenye nyumba ya gurudumu akaikuta ile boriti nyeusi imelazwa juu ya benchi mbili. Nilikuwa nimeiweka mimi, alfajiri, na nilikuwa nimemwambia Siv kila kitu. Siv alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Basi utasema mwenyewe."

Nikapanda kwenye kigogo.

"Boriti hii ndiyo iliyovunjika mwaka 1931," nikasema. "Kwa miaka arobaini na minane tumesema ni kosa la Valfrid Ström. Nami nimelisema kuliko wote. Ukiangalia hapa utaona kizibo kilichoficha uozo, na hapa alama ya aliyekificha. Ni alama ya baba yangu, Konrad Hedlöf. Alishurutishwa kuharakisha, na alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini alijua, akanyamaza, akamwacha mtu mwingine aibebe. Sitaki Jongoo atembee leo juu ya uongo."

Nilisikia maji kwenye mfereji. Nikadhani, sasa watanizomea, na itakuwa haki yao. Wengi wao ni watoto wa wale sitini.

"Na mimi sikuwepo zamuni!" akapaza sauti Valfrid kutoka nyuma. "Msinisahau! Nilikuwa nakunywa kahawa!"

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili. Evert akatoka kwenye umati, akaenda mpaka kwa Valfrid. Baba yake Evert alipoteza kazi mwaka ule, akafa bado anatafuta kazi ya kudumu. Evert akampa mkono. Valfrid akaufuta wake kwenye suruali kabla ya kuushika. Halafu mmoja akafuata, na mwingine, mpaka ikawa kama foleni ya posta siku ya pensheni, na Valfrid akapiga kelele, "Basi, basi! Maji hayangoji! Siv, fungua!"

Ndoo ikajaa. Safari hii gurudumu halikufikiri sana. Mkono wa chuma ukasukuma, boriti ya kwanza ikaruka mbele, ya pili ikaitikia, na mlio ukaanza kupanda kilima: kwi-ko, kwi-ko, kwi-ko. Watu wakaanza kukimbia sambamba nao. Nilikimbia! Sketi mkononi, kando ya miguu ile inayobembea, jozi baada ya jozi ikiamka mbele yangu. Nilikifikia kinamasi ninahema. Boriti yangu ilikuwa inakwenda na kurudi, nyeupe kati ya zile za zamani. Kwenye kila mvuto wa kurudi ilitoa mlio mwembamba. Valfrid alikuwa ameshafika, sijui alipita wapi. Akaweka sikio.

"Inalia?" nikauliza. "Valfrid, inalia?"

Akafumba macho. Mara tatu ikaenda, mara tatu ikarudi.

"Inaimba," akasema. "Kupasuka hakusikiki hivi. Nenda juu, mjinga wewe, utakosa maji!"

Juu kwenye shimo watu walikuwa wamejazana kwenye mdomo wa bomba la mbao. Pampu inapanda, inashuka, na hakuna ila hewa, kama mzee anayekoroma. Bi Ekelund anatazama saa. Siv ameng'ata kidole. Mipigo hamsini. Mipigo mia. Mtu akasema labda ngozi ya pampu imekauka. Mia na hamsini. Bi Ekelund akainama kuchungulia ndani ya bomba.

Na Jongoo akatema! Maji mekundu ya kutu, baridi ya miaka hamsini, yakamrukia kifuani, kwenye daftari, kwenye viatu vyeupe. Bi Ekelund akasimama anachuruzika maji, akajilamba mdomo wa juu.

"Ni chuma," akasema. "Yana ladha ya chuma."

Kisha akacheka. Hata sisi hatukuwa tumepiga kelele bado. Yeye ndiye aliyeanza.

Alhamisi, 21 Juni

Barua imefika. Niliijua kwa muhuri wake, na mbio nilizopiga mpaka shuleni hazijawahi kupigwa na mtumishi wa posta yeyote. Siv aliifungua mbele ya darasa lake: mstari mzima unalindwa, toka gurudumuni mpaka shimoni. Barabara itazunguka kinamasi. Wanafunzi wakapiga madawati mpaka mwalimu mkuu akaja.

Ijumaa, 22 Juni

Mkesha wa sikukuu ya kiangazi. Kabla ya kwenda uwanjani kucheza, nilimpigia simu Märta, Göteborg. Nilikuwa nimeahirisha wiki mbili. Nikamweleza yote kuhusu baba, kizibo, alama, na niliyoyasema mbele ya watu bila kumuuliza yeye. Kwenye simu nikasikia tu kitambaa kikisugua.

"Märta?"

"Nipo." Alikuwa anapenga. "Baba alikuwa ananikataza kupita mbele ya nyumba ya Valfrid. Nilikuwa nadhani anamchukia. Kumbe alikuwa anamwogopa."

"Umenikasirikia?"

"Sijui bado. Niulize kesho." Akapenga tena. "Hiyo mbao uliyochonga wewe. Imeshika?"

"Imeshika."

"Hakuna kizibo?"

"Hakuna kizibo."

"Treni ya asubuhi inafika huko saa ngapi?" akauliza dada yangu, ambaye hajakanyaga Ramnberg tangu tulipomzika baba. "Nataka kuiona ikitembea."